Kihamba, ng'ombe na madeni: urithi ulivyogawanywa Uchagani zamani

Kila Desemba mabasi ya kwenda Moshi hujaa, na katika nyumba nyingi za Marangu, Kibosho, Machame na Rombo kikao cha familia hupangwa baada ya Krismasi, kabla watu hawajarudi mjini. Ajenda huandikwa kwa upole: afya ya mama, ada za watoto, kaburi la babu linalohitaji kukarabatiwa. Ajenda isiyoandikwa ni kihamba cha baba, yaani shamba la nyumbani. Hapo ndipo zinaposikika kauli tatu, zikitamkwa kana kwamba hazina mjadala. "Nyumba ni ya mziwanda." "Kaka mkubwa ndiye baba sasa." "Dada, wewe una kwako kwa shemeji."

Kauli zote tatu zina mizizi ya kweli katika mila. Shida ni kwamba zimenyofolewa kutoka kwenye utaratibu mpana, ambamo kila haki ilikuja na mzigo wake. Leo tunadai haki hizo huku mizigo tumeiacha njiani. Kuna ndugu wa tumbo moja ambao hawasalimiani kwa ajili ya robo ekari ya migomba, na kila upande unaapa kwamba unatetea mila. Kwa hiyo ni vyema tuangalie mila yenyewe ilivyokuwa.

Tuanze na kilichogawanywa. Cha kwanza kilikuwa kihamba chenyewe, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ukiingia kutoka njiani unapita ua wa masale, mmea unaopandwa mipakani. Juu yako kuna miti mikubwa kama mringaringa, chini yake migomba ya aina nyingi, mishare na ndishi ikiwemo, na chini ya migomba kuna magimbi, viazi vikuu na, kwa miaka hii mia na ushee, kahawa. Ng'ombe hufugwa ndani, huletewa majani, na mbolea yao hurudi kwenye migomba. Pembeni hupita mfongo, mfereji unaoleta maji kutoka mlimani. Na mahali fulani ndani ya kihamba hichohicho kuna makaburi. Zamani zaidi, mafuvu ya wazee waliotangulia yalihifadhiwa katikati ya masale. Ndiyo maana kihamba hakikuwa mali ya kununua na kuuza. Aliyekiacha alikuwa anaacha wazee wake mikononi mwa mgeni.

Cha pili kilikuwa mashamba ya chini, tambarare, ambako watu walilima mbegu za msimu: ulezi wa mbege (pombe ya ndizi na ulezi), maharage, baadaye mahindi. Sheria zake zilikuwa nyepesi. Zamani shamba la tambarare lilitolewa kwa matumizi tu, na ungeweza kupewa eneo hili mwaka huu na lingine mwaka mwingine. Wanaochanganya kihamba na shamba la chini katika hoja moja ya "ardhi ya ukoo" wanachanganya vitu viwili ambavyo wazee wenyewe hawakuvichanganya.

Cha tatu kilikuwa zamu ya maji. Mfongo ulichimbwa na ukoo fulani au kundi la watu, ukawa na wazee wake waliopanga nani anafungulia maji lini. Aliyekwepa kazi ya kuusafisha alitozwa faini, mara nyingi mbege, na aliyezidi kukaidi alinyimwa maji. Mrithi aliyepewa kihamba alipokea zamu ya maji pamoja na jembe la kusafishia mfongo.

Cha nne, ambacho siku hizi kimesahaulika kabisa, ni ng'ombe waliokuwa kwa watu. Mchaga mwenye mifugo hakuiweka yote zizini kwake. Aligawa ng'ombe mmoja kwa rafiki huku, mwingine kwa mkwe kule, awatunzie. Mtunzaji alipata maziwa na mbolea, na mnyama alipozaa au alipochinjwa palikuwa na fungu lake lililoeleweka, lakini mwenye mali alibaki yuleyule. Hivyo mtu akifa, sehemu kubwa ya utajiri wake ilikuwa imetawanyika katika mazizi ya watu wengine, pengine ng'ambo ya mto, na haikuandikwa popote. Iliishi katika kumbukumbu: yake, ya mtoto wake wa kwanza na ya ndugu zake. Na kama alivyodai kwa watu, ndivyo alivyodaiwa. Pengine mahari ya mke wake ilikuwa haijaisha, au palikuwa na mbuzi wa tambiko aliyeazimwa, au beberu wa faini aliyelipiwa na jirani.

Hapo ndipo tunapomwelewa kifungua mimba.

Mtoto wa kwanza wa kiume alipooa, baba alikuwa na wajibu wa kumpatia mahali. Alimkatia sehemu ya kihamba chake kama kilitosha, au alimtafutia kingine kwa kumwendea mchili, kiongozi wa mtaa, na kupitia kwake mangi, yaani chifu, akiwa na zawadi ya kuombea: mbege, mbuzi, au ng'ombe kwa mwenye uwezo. Masale yalipandwa mpakani mbele ya mashahidi. Kijana huyo alikuwa amepokea urithi wake wa ardhi miaka mingi kabla ya msiba. Baba alipofariki, alichopokea sasa kilikuwa cheo, na cheo hicho kilikuwa kizito. Alifuatilia ng'ombe waliokuwa kwa watu. Alilipa madeni ya marehemu. Aliwaolea wadogo zake ambao hawajaoa, akasimamia mahari ya dada zake, akaongoza tambiko na kusema kwa niaba ya nyumba ya baba yake mbele ya wazee. Kwa hiyo fungu kubwa la mifugo kupita mikononi mwake lilikuwa na sababu, maana nusu ya mifugo hiyo ilikuwa tayari ina kazi ya kufanya kwa watu wengine.

"Kaka mkubwa ndiye baba sasa" ilikuwa kauli ya kweli kabisa. Lakini baba ni mtu anayelipa.

Upande wa pili alisimama kitinda mimba. Kaka zake walipohama mmoja baada ya mwingine, yeye alibaki pale pale nyumbani na wazee. Alioa akiwa hapo, mke wake akampikia mama mkwe, na baba alipokufa, yeye akarithi nyumba na kipande cha kihamba kilichobaki kuizunguka. Mama alikuwa humo humo. Ukitazama kwa makini utaona kwamba ulikuwa mpango wa kumtunza mjane, uliovaa sura ya urithi wa mtoto wa kiume. Mwenye nyumba alikuwa ni yule ambaye mama yake angezeekea mikononi mwake na ambaye makaburi yangebaki mlangoni kwake. Katika nyumba ya wake wengi, kila mke alikuwa na kihamba chake, na hesabu hii ilifanyika kwa kila mke na wanawe: mziwanda wa mke wa pili hakuwa na la kudai kwenye migomba ya mke wa kwanza.

Na wa katikati je? Hili ndilo swali ambalo watoto wa katikati wameuliza kwa vizazi vitatu sasa. Jibu la zamani lilikuwa fupi: wakajitafutie. Baba aliwasaidia akiweza, lakini hawakuwa na fungu la uhakika kwenye kihamba cha baba. Walikwenda kuomba pori lililokuwa bado halijafyekwa, wakajipandia migomba yao. Jambo hili halikuonekana kuwa ukatili kwa sababu pori lilikuwepo. Mangi alihitaji watu wa kujaza nchi yake, wa kuchimba mifongo na kushika mkuki, kwa hiyo kijana mwenye nguvu aliyeomba mahali alikaribishwa. Mgawanyo mzima, wa kwanza kupata mapema, wa mwisho kubaki nyumbani, wa katikati kufungua ardhi mpya, uliegemea nguzo hiyo moja, kwamba nje ya ua wa baba kuna nafasi.

Kabla ya kuona nguzo hiyo ilivyoanguka, tutazame siku yenyewe ya kugawa. Matanga yalikaa siku kadhaa, na siku ya kuyamaliza ukoo ulikutana. Watu walinyolewa, mnyama akachinjwa, na nyama ikagawanywa kwa utaratibu unaojulikana, kila kiungo na mwenyewe, kiasi kwamba mtu angeweza kujua nafasi yake katika ukoo kwa kuangalia kipande alichoshikishwa. Kisha waliitwa wenye kudai na wenye kudaiwa. Aliyekuwa na deni la marehemu alilitaja hapo, mbele ya watu, na aliyekaa kimya siku ile alipata shida sana kuaminiwa baadaye. Vitu vidogo viligawiwa papo hapo: nguo, panga, mkuki, kigoda, vyombo vya mbege. Vyungu na mapambo ya mama vilikuwa na njia yake ya kike, kwa mabinti na wakwe.

Ardhi haikuleta maneno mengi siku ile, kwa kuwa sehemu kubwa ilikuwa imeshagawanywa marehemu akiwa hai, masale yameshaota. Wazee walithibitisha tu kile ambacho kila mtu alikuwa anakiona. Na kama marehemu aliacha neno kitandani, neno hilo liliogopwa, maana laana ya mzazi anayekufa haikuwa kitu cha kuchezea Uchagani. Naona hapa ndipo tulipopoteza zaidi. Zamani mgawanyo ulikuwa kazi ya miaka ishirini ya baba aliye hai. Sisi tumeugeuza kuwa kazi ya wiki moja ya watoto waliofiwa.

Sasa mjane. Kwa mila hakuwa mrithi wa mume wake, na sitajaribu kulipamba hilo. Alikuwa na haki ya kukaa, kulima na kula, na haki hiyo aliipata kupitia wanawe. Mara nyingi ndugu wa marehemu alimrithi, akawa mlinzi wa kihamba mpaka watoto wakue. Palipokuwa na wazee waangalifu na mchili mwenye macho, baba mdogo alikilinda kihamba kweli, akakikabidhi. Pasipokuwa nao, alikimeza. Mama asiye na mtoto wa kiume alikuwa hatarini zaidi ya wote, kwa sababu kamba yake yote ya kumfunga na ardhi ile ilikuwa mtoto ambaye hakumzaa.

Binti naye hakupewa kihamba, kwa hoja kwamba angeolewa na kulima kwa mumewe, na angekipeleka kihamba kwenye ukoo mwingine. Lakini mlango wa kwao haukufungwa. Aliyeachika au kuteswa alirudi, akaonyeshwa migomba ya kukata na mahali pa kulala, na kaka aliyepokea mahari yake hakuwa na uso wa kumwambia hapana. "Dada, una kwako" ilikuwa nusu ya sentensi. Nusu nyingine ilikuwa "na hapa pia ni kwenu", na ndiyo hiyo inayomezwa leo kwenye vikao.

Basi nini kilitokea? Kwanza, ardhi ilibanwa juu na chini. Wajerumani walitangaza mwaka 1895 kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya dola, wakagawa mashamba makubwa kwa walowezi chini ya vihamba na kuuhifadhi msitu wa juu. Waingereza waliendelea na mipaka hiyo, ingawa mwaka 1941 walikubali kuacha ukanda wa nusu maili kandokando ya msitu kwa matumizi ya wenyeji. Vihamba vikawa mkanda uliofungwa pande zote mbili, na watu ndani yake wakaongezeka. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu takriban 650,000 kwenye sensa ya 1967, na zaidi ya 1,860,000 kwenye sensa ya 2022. Mtoto wa katikati aliambiwa bado akajitafutie, lakini pa kutafuta hapakuwepo tena. Akageuka nyuma, akaanza kukitazama kihamba cha baba.

Pili, kahawa. Wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema waliileta mwishoni mwa karne ya 19, na wakulima wa Kichaga waliikamata kwa mikono miwili: chama chao cha kwanza kilianzishwa 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ikafuata 1933. Mgomba ni chakula na mkahawa ni fedha, tena fedha inayodumu kwa miongo. Zamani ungeweza kumkaribisha mtu kwenye kipande chako, na siku ukikihitaji akakurudishia. Akishapanda mikahawa, kukirudisha kukawa kesi: nani amlipe fidia ya miti, na kwa kiasi gani? Kihamba kikapata bei. Na kikishakuwa na bei, mwenye cheo cha kukisimamia hupata kishawishi ambacho babu yake hakukijua.

Tatu, mahakimu wa asili walitoweka. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, muda mfupi baada ya Uhuru. Mangi na wachili hawakuwa malaika, na wapo waliojilimbikizia ardhi wenyewe, lakini walikuwa wanajua kila mpaka na walikuwepo masale yalipopandwa. Mwaka huohuo wa 1963 serikali ilitoa Tangazo Na. 436, lililoandika kanuni za urithi za kimila kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, na likaanza kutumika wilaya baada ya wilaya. Tangazo hilo liliwapanga warithi kwa madaraja: la kwanza mtoto wa kiume wa kwanza, la pili watoto wengine wa kiume, la tatu mabinti. Mabinti waliruhusiwa kutumia ardhi ya ukoo bila kuiuza, isipokuwa pale ambapo hakuna mwanamume wa ukoo huo. Mjane hakupewa fungu kama marehemu ana ndugu wa ukoo. Fungu lake, lilisema Tangazo, ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao.

Ukilisoma ukiwa Mchaga, unaona mara moja kilichokosekana. Kitinda mimba, mwenye nyumba na mlezi wa mama, hana daraja lake. Mgawanyo wa wakati wa ndoa haupo. Mizigo imebaki kama maneno mema, haki zimepewa vipimo. Mila iliyokuwa mazungumzo ya miaka ikawa jedwali, na jedwali hilo ndilo wengi wetu tunaloliita "mila zetu" bila kujua.

Sheria nazo hazikusimama hapo. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory kutoka Kagera. Mwanamke alikuwa ameuza ardhi ya ukoo aliyorithishwa na baba yake kwa wosia, na mpwa wake akaenda mahakamani kuipinga mauzo. Jaji alisema ubaguzi huo hauwezi kusimama mbele ya Hati ya Haki iliyomo kwenye Katiba, na mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaongeza, kwenye kifungu cha 20, kwamba kanuni ya mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Mwenye kumwambia dada yake leo kwamba sheria haimtambui kwenye ardhi, anamdanganya.

Tena si kila Mchaga anarithiwa kwa mila. Mahakama hutazama marehemu aliishi vipi. Mwislamu wa Majengo aliyeishi kwa dini yake atarithiwa kwa mafungu ya Kiislamu, ambapo mke mwenye watoto hupata thumuni, yaani moja ya nane, na binti hupata nusu ya fungu la kaka yake. Mkristo aliyekwisha kuachana na maisha ya kimila anaweza kuangukia Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika nchini: theluthi moja kwa mjane, theluthi mbili kwa watoto, wa kike na wa kiume sawasawa. Familia moja inaweza kuwa na ndugu watatu, kila mmoja akiwa ameshika sheria yake mkononi, wote wakisema kweli kwa kiasi fulani.

Jambo linaloleta machozi zaidi katika mahakama za mwanzo ni dogo kuliko yote haya. Ukoo unakaa, unaandika muhtasari, unampendekeza kaka mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi, mahakama inamteua. Anarudi nyumbani na barua yenye muhuri, na kichwani mwake barua hiyo na ile kauli ya "kaka ndiye baba" vimekuwa kitu kimoja. Siyo. Msimamizi ni mkusanyaji na mgawaji. Anatakiwa kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa, na kuwasilisha mahakamani ndani ya miezi 4 orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Asiyefanya hivyo anaweza kuondolewa, na mdogo wake, dada yake au mama yake ana haki ya kwenda kuomba aondolewe. Cha kushangaza, msimamizi huyu ndiye anayefanana zaidi na kifungua mimba wa zamani, yule aliyetembea kuhesabu ng'ombe wa baba mazizini mwa watu na kulipa madeni kabla hajala chochote.

Kuhusu kihamba chenyewe, hesabu ni ngumu. Ekari 2 zikigawanywa kwa watoto 4, kisha kwa wajukuu 16, kila mmoja anabaki na moja ya nane ya ekari, mahali pa nyumba na mgomba mmoja mmoja. Mfumo wa kihamba unaokaa vizuri, kama ule wa Shimbwe Juu kule Uru uliotambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia, unahitaji eneo la kutosha miti, migomba, kahawa na ng'ombe kutegemeana. Ndiyo maana baadhi ya familia sasa haziigusi sehemu ya nyumba na makaburi. Zinaiacha kwa jina la watoto wote, wa kike wakiwemo, anayeishi hapo akiwa na masharti yaliyoandikwa, na zinagawana viwanja vya tambarare, vya mjini na fedha za benki. Wazazi walio hai wanaweza kuanza leo: wosia wa maandishi wenye mashahidi, au hata wosia wa mdomo, ambao kwa kanuni za kimila unahitaji mashahidi wasiopungua 4, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Na kikao cha Desemba baba akiwa bado ameketi pale mezani kina faida ambayo hakitakuwa nayo tena akishaondoka: anaweza kuulizwa mpaka ule wa upande wa mfongo uko wapi hasa, nani anamdai, na ile hati ya kiwanja cha Himo ameiweka kwa nani.